A yenye kofia na a isiyo na kofia: fonti ipi kwa kijitabu cha chuo, paketi ya viungo na kadi ya harusi

Kuna maalim mmoja wa chuo cha Qurani huko Wete, Pemba, alivuka na boti kuja kumtazama mwanawe huku Unguja akanipitia na daftari mkononi. Anataka kijitabu cha watoto wadogo wanaoanza kusoma, nusu herufi zetu hizi za kawaida, nusu za Kiarabu, alifu kwa ujiti. Nikamtolea ukurasa mmoja wa majaribio kwa fonti ya Arial maana ndo ilokuwa wazi kwenye mashine, akavaa miwani, akautazama, akaniambia, "Mwanangu, hii a mbona ina kofia? Mie a ninayowafundisha haina kofia."

Wallahi miaka yote natengeneza vitu vya watu sikuwahi kuiona hiyo kofia. Lakini kweli, a ya Arial, ya Times, ya Calibri, zote zina kile kipinde juu kimeinama mbele kama mtu kavaa kofia kaishusha usoni, na a ambayo mtoto anaandika kwa penseli ni duara na kijiti ubavuni, basi. Kwa hiyo mtoto anafundishwa herufi moja ubaoni halafu kwenye karatasi anapewa nyengine, na kwa Kiswahili hii si shida ndogo kwa sababu sisi tunaishi kwa a. Hesabu mwenyewe "samaki wa kupaka", herufi 14, a ni 5. Kila mstari kofia tupu.

Basi nikakaa siku mbili natoa ukurasa ule ule kwa fonti tofauti, nikauweka pamoja na kazi nyengine mbili nilizokuwa nazo mezani, stika za paketi za viungo na kadi ya harusi. Naweka hapa nilichokiona, kwa anaetaka kuchagua asipoteze wino kama mie.

Kwanza sentensi ya kujaribia. Ukifungua fonti kwenye Windows inakuonesha sentensi ya Kizungu ya mbweha anaemruka mbwa, imetungwa ili herufi zote 26 zionekane, na sie q na x hatuna kazi nazo, c peke yake pia hatuna, ipo kwenye ch tu. Fonti inaweza kuwa na q nzuri kama hina ya bi harusi na haikusaidii kitu. Mie sasa najaribia na "Iliki na pilipili manga ya Ng'ambo, gogo la Jang'ombe". Humo mna kila kinachotusumbua: I kubwa na l ndogo zimekaa jirani, "pilipili" ambayo ni safu ya vijiti vitupu, g, a, na ile ng' yenye alama juu.

Sasa tuanze na kijitabu cha watoto, maana hapo ndo pana maneno mengi.

Times New Roman watu wanaichukua kwa mazoea, kila barua ya serikali tuliyowahi kuiona imeandikwa hivyo au karibu na hivyo. Ilitengenezwa kwa gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932, na gazeti linataka maneno mengi kwenye safu nyembamba, ndo maana herufi zake zimebanana na kuna sehemu ni nene sehemu ni nyembamba kama uzi. Kwa mtu mzima anaesoma kurasa 50 za hotuba au tasnifu haina ubaya hata kidogo, inabana nafasi, karatasi zinapungua. Kwa mtoto hapana. a ina kofia, g imevaa miwani (ile yenye duara mbili, moja juu moja chini), na zile sehemu nyembamba ndo za mwanzo kupotea ukifotokopi. Na vijitabu vya chuo tunajua vinavyoenda, anachapishiwa mmoja, wa pili anafotokopi wa kwanza, wa tatu anafotokopi wa pili, ikifika ya nne "n" imekuwa vijiti viwili havijuani.

Arial, ya 1982, inavumilia fotokopi vizuri zaidi kwa sababu unene wake ni karibu sawa kote. g yake haina miwani, nzuri. Lakini a ina kofia na halafu kuna lile balaa la I na l. Andika "Iliki" kwa Arial utazame. Kijiti, kijiti, halafu i. Mtu mzima anaisoma kwa sababu anaijua iliki hata kwa harufu, mtoto anaeanza atauliza hizi mbili ni herufi gani na mwalimu atamwambia moja kubwa moja ndogo, na mtoto atazitazama tena na hatoona tofauti kwa sababu tofauti haipo. Calibri ni hayo hayo, na juu yake g inarudi kuvaa miwani.

Comic Sans. Najua, najua. Wabunifu wa vijana wa mjini ukiitaja wanacheka mpaka wanakaa chini. Ilitengenezwa 1994 na Vincent Connare pale Microsoft, aliona programu moja ina katuni ya mbwa anazungumza na maneno yake yameandikwa kwa Times New Roman, akaona hii haiji, mbwa wa katuni haongei kama gazeti. Kwa hiyo ilitengenezwa kwa katuni na ikaishia kwenye matangazo ya kukatika maji na risala za rambirambi, hapo wanaocheka wana haki. Lakini itazame kwa macho ya maalim: a haina kofia, g haina miwani, I kubwa ina vijiti viwili vya kulala juu na chini kwa hiyo haichanganyiki na l. Ndo maana walimu wa skuli za msingi wanaipenda na hawana makosa, wameona kitu ambacho wanaocheka hawajawahi kukihitaji. Ubaya wake ni kwamba mistari haitulii, herufi zinacheza cheza, ukurasa mmoja unafurahisha, kurasa 16 zinachosha.

Halafu kuna Andika. Hii ndo ilonifurahisha, kwanza kwa jina, maana jina lake ni Kiswahili kile kile, andika, amri, yaani mwalimu kasimama mbele ya darasa. Imetengenezwa na SIL, wale wanaoshughulika na lugha ambazo kampuni kubwa hazina habari nazo, na wameitengeneza mahsusi kwa watu wanaojifunza kusoma. a haina kofia. g haina miwani. I, l na 1 ukiziweka pamoja unaziona ni tofauti bila ya kuuliza. Unene ni wa sawa kwa hiyo fotokopi haiitafuni haraka. Na ni bure kwa leseni ya wazi, unaichukua kwenye tovuti ya SIL au Google Fonts, unachapisha unauza kijitabu chako hakuna wa kukudai, ambacho huruhusiwi ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Ubaya upo. Mistari yake inakaa mbalimbali, wamefanya makusudi ili lugha zenye alama nyingi juu na chini ya herufi zisigongane, lakini kwa Kiswahili ambacho hakina hizo alama unajikuta ukurasa umejaa mapema. Punguza nafasi ya mistari kwa mkono, Word inakuruhusu. Na si fonti ya urembo, ukiiweka kwenye kadi ya harusi itaonekana kama bi harusi kavaa sare ya skuli.

Kwa hiyo kwa kijitabu mie nasema Andika, na kama mashine haina na intaneti hakuna siku hiyo, Comic Sans bila ya haya. Arial na Times wapewe wanaokwisha jua kusoma.

Paketi za viungo ni habari nyengine kabisa. Hizi zinasomwa na mgeni kasimama sokoni Darajani jua linamuwakia, ana sekunde mbili. Bibi mwenye mzigo alinitumia mfano kwa zile fonti za mwandiko wa mkono, zenye mikia, "Pilipili manga" ilivyotoka ni kama uzi umeanguka umejisokota, na "Iliki" ikasomeka "Qliki", I kubwa ya fonti hizo mara nyingi inaonekana kitu chengine kabisa. Nikamwambia bibi, chukua Verdana, imo kwenye Windows zote, I yake ina vijiti vya kulala, imekaa pana, pilipili inapumua. Au fanya wanavyofanya wenye kanga. Jina la kanga linaandikwa herufi kubwa tupu, ILIKI, MDALASINI, KARAFUU, hapo l ndogo haipo kabisa kwa hiyo hakuna wa kuchanganyana nae, na mtu anaisoma kanga kwa mgongo wa mtu anaetembea mbele yake. Wenye kanga walilimaliza zamani suala hili na hakuna aliewaita wabunifu. Akachagua herufi kubwa. Tukamaliza kwa dakika tano.

Hapo hapo nitaje ng'. Ile alama kuna wanaoandika na kijiti kilichonyooka ('), kuna wanaoandika na iliyopinda kama koma (’), na kuna wanaotaipu kwa simu wakabonyeza ile inayolala kushoto (`) ambayo si yenyewe. Kwa Kiswahili chetu hii si alama ya kupamba, bila yake ng'oa inakuwa ngoa na watu wa mashairi wanajua ngoa ni wivu na ashki, meno hayamo. Chagua moja ya zile mbili za mwanzo, uitumie kitabu kizima. Mie naipenda iliyopinda, lakini uhakikishe fonti uliyonayo inayo, zile fonti za bure za mapambo nyengine hazina, utaona kiboksi, au programu inaenda kuazima alama kwa fonti ya jirani, ukitazama kwa karibu unaona herufi zote zina mikia ya dhahabu halafu katikati ya Jang'ombe pana kitu kimekaa kama msumari.

Sasa kadi. Hapa nianze na aibu yangu mwenyewe.

Kadi ya harusi ya kwetu juu kabisa inaanza na Bismillahi kwa Kiarabu, hiyo haina mjadala. Kadi zangu za mwanzo kabisa nilitumia programu ya picha ya zamani iliyokuwa haijui Kiarabu, nikanakili maandishi nikabandika, na mie herufi za Kiarabu naziona nzuri tu nikapitisha. Kumbe programu imezigawa moja moja, kila herufi imekaa peke yake, na zimepangwa kuanzia kushoto. Baba wa bi harusi akaishika kadi, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Hakusema neno. Aliniuliza tu, "Hii inasomwa kutoka wapi?" Kadi zote zikarudiwa kwa gharama yangu.

Kwa hiyo kwa Kiarabu kabla ya fonti kuna programu. Word inaunga herufi vizuri. Photoshop na wenzake za siku hizi zinaweza lakini kwenye baadhi yao lazima uende kwenye mipangilio ukawashe upangaji wa lugha za Mashariki ya Kati, ukisahau inakuumbua. Na Word nayo ina mtego wake, ina sehemu mbili za fonti, moja ya herufi za Kilatini na moja ya Kiarabu na ndugu zake, unabadilisha fonti juu unaona Kiarabu hakibadiliki unadhani imeharibika, ingia kwenye dirisha la fonti utaiona ile sehemu ya pili, na saizi yake pia inawekwa peke yake.

Baada ya hapo uchaguzi wangu ni kati ya mbili, Amiri na Scheherazade New, zote bure kwa leseni ya wazi.

Amiri ameitengeneza Khaled Hosny, Mmisri, akaitoa 2011 kwa kufufua herufi za risasi, zile za madini za kuchapia, za matbaa (nyumba ya kuchapia vitabu) ya Bulaq ya Cairo za mwanzo wa karne ya 20, matbaa iliyokuwa ikiitwa Amiria, jina limetoka hapo. Ni nzuri mpaka inaumiza. Herufi zinapandana, jim inaingia chini ya mim, ni kama mtu kakaa na kalamu ya mwanzi. Kwa kadi, kwa jalada la kitabu, kwa anuani, sina fonti nyengine. Scheherazade New ni ya SIL tena, hiyo haipandishi herufi sana, imetulia, kila herufi unaiona ilipo, na imebeba karibu herufi zote za Kiarabu zinazotumika duniani, za Afrika zimo.

Kwa nini hilo la mwisho ni muhimu kwetu? Kwa sababu kuna watu bado wanataka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika mababu zetu, tenzi, barua, hati za mashamba. Kiswahili hicho kinataka p, ch, v na g, ambazo Kiarabu chenyewe hakina, wazee wengi waliandika p kwa be wakamuachia msomaji akili zake, siku hizi watu wanatumia پ na چ na ڤ na گ. Fonti zote mbili zinazo. Lakini Kiswahili ukikiandika kwa Kiarabu kila herufi inabeba irabu yake, kila moja ina fat-ha au kasra au dhumma, haiachwi hata moja la sivyo hakisomeki, na hapo Amiri kwa kupandanapandana kwake ukurasa unakuwa mzito kama biriani ya juzi. Scheherazade New kwa hiyo. Vile vile kwa watoto wa maalim, mtoto anaeanza anataka aione jim ni jim, habari ya kuingia chini ya mim atakutana nayo mbele.

Na aya za Qurani msizitaipu wenyewe, jamani. Jumuiya ya Mfalme Fahd ya Madina, wanaochapisha misahafu, wametoa fonti yao ya hati ya Uthmani pamoja na maandishi yaliyokwisha hakikiwa, unanakili kule. Kukosea nukta moja kwenye kadi ya pikiniki si sawa na kukosea hapo.

Saizi: fonti nyingi za Kiarabu kwa namba ile ile zinaonekana ndogo kuliko za Kilatini, ukiweka zote 12 Kiarabu kinaonekana kama kinanong'ona. Mie Kilatini kikiwa 12 Kiarabu naanzia 16, natazama kwa jicho napandisha.

Ni ajabu kidogo kwamba tunahangaika na kuziweka herufi hizi mbili karatasi moja wakati mji huu ulikuwa na herufi za risasi za zote mbili tangu zamani sana. Zama za Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, palikuwa na matbaa ya Sultani ikichapa vitabu vya dini kwa Kiarabu, na wamisionari wa Kiungani nao wana mashine yao wanachapa Kiswahili kwa Kilatini, 1888 wakatoa na gazeti lao Msimulizi. Mji mmoja, wapangaji wa herufi wawili, sijui kama walikuwa wakisalimiana.

Kadi yenyewe kwa upande wa Kilatini: fonti ya mikia weka kwa majina mawili tu, ya bwana na bi harusi, na uyaandike herufi kubwa ya mwanzo tu, ukiandika herufi kubwa tupu kwa fonti ya mikia hata mama mzazi hatomjua mwanawe. Siku, saa, msikiti na mahala pa karamu andika kwa kitu kilichonyooka. Na msinyooshe kingo zote mbili kwenye kadi nyembamba, maneno yetu ni marefu, "tutakapokukaribisheni" pekee yake imekula mstari, neno la jirani linasukumwa huko na katikati panabaki uwanja wa kuchezea mpira.

Limebaki moja, la steshenari, na hili ndo linalovunja moyo zaidi kwa sababu ulishachagua vizuri halafu linakuja kukuharibia mlangoni. Word za miaka mingi zilikuwa zinaanza na Calibri, tangu 2007, mpaka 2023 Microsoft wakaibadilisha wakaleta Aptos. Sasa una laptop mpya, umeandika kwa Aptos bila ya kujua, unachukua flashi unaenda duka la mtaani lenye Word ya zamani, haina Aptos, inaweka nyengine inayoijua yenyewe, kimya kimya. Maneno hayapotei, yanahama. Simu za Android nazo Arial na Times hazina, zina Roboto na Noto, kwa hiyo unavyoiona kwenye simu ya mteja sivyo ulivyoipanga. Kijitabu changu kimoja cha kurasa 16 kilifika dukani kikawa 17. Kurasa 16 za A5 ni karatasi 4 za A4 unazikunja unapiga stepla, safi. Ukurasa wa 17 unataka karatasi ya 5, ambayo ina kurasa nne, moja ina mistari mitatu na tatu hazina kitu.

Toa PDF. Fonti zinaingia humo humo ndani, zinasafiri pamoja na kazi, hata kwa boti.

Maalim amechukua Andika saizi 20 kwa kurasa za mwanzo na 16 kwa za mwisho, Scheherazade New upande wa pili, kurasa 16 bila ya kuzidi. Nimemtolea nakala moja akapita nayo kidole ukurasa kwa ukurasa anatafuta kofia. Hakuipata. Kisha akafika kwenye "Ng'ombe" akasimama, akaniuliza mbona alama ya ukurasa wa 9 imenyooka na ya ukurasa wa 11 imepinda.